Mbwa mzima anayeogopa kushikwa miguu na masikio: nimfundishe vipi akubali kuhudumiwa?

Mwenye Shaba anauliza:

Habari zenu ndugu wanajukwaa. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kupita njia hii, kwa sababu peke yangu nimefika mahali ambapo kila ninachojaribu kinaongeza tatizo.

Nina mbwa dume wa miaka minne anayeitwa Shaba. Nilimchukua akiwa na umri wa karibu mwaka mmoja, kwa hiyo sijui alilelewa vipi katika miezi yake ya kwanza. Ni mbwa mpole, hana ugomvi na watoto wala na mbwa wenzake, na hupenda kukunwa kifuani. Lakini mkono ukishuka kwenye mguu, anauvuta mguu wake. Ukielekea sikioni, anageuza kichwa. Tulivumiliana hivyo kwa muda mrefu. Miezi mitano iliyopita sikio lake la kushoto lilianza kutoa uchafu wenye harufu, nikampeleka kliniki. Huko watu watatu walimlaza ubavu na kumkandamiza, sikio likasafishwa, na kwa kuwa alikuwa tayari ameshikiliwa, kucha nazo zikakatwa. Ukucha mmoja ulikatwa hadi nyamani ukatoka damu. Alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake, kisha akanyamaza kabisa, na mmoja wa waliokuwapo akaniambia, "Unaona, sasa ametulia."

Tangu siku hiyo, akisikia tu droo ninamoweka kikata kucha ikivutwa, anafyata mkia na kuingia chini ya meza. Wiki mbili zilizopita nilipomshika mguu wa mbele alinguruma, jambo ambalo hajawahi kunifanyia. Nilimkemea kwa ukali, na nakiri kwamba moyo wangu haujatulia tangu hapo. Sasa sikio limeanza kunuka tena, anatikisa kichwa mchana kutwa, na kucha zinagonga sakafu anapotembea.

Je, mbwa mzima mwenye hofu ya namna hii anaweza kufundishwa upya, au nimekwisha kuchelewa? Nianzie wapi? Akinguruma nifanye nini? Na kwa kuwa sikio haliwezi kusubiri miezi, nitalitibu vipi bila kuyaharibu mafunzo yenyewe kabla hayajaanza?

Nyayo Nne anajibu:

Pole sana, Mwenye Shaba. Hujachelewa. Nimewalea mbwa kadhaa waliotelekezwa kabla ya kupata makao, na wengi wao walikuja wakiwa na hofu ya mikono iliyo kubwa kuliko hiyo unayoieleza. Kwa mtoto wa mbwa, kipindi cha kati ya wiki ya 3 na takriban wiki ya 14 ndicho anachojifunza kwa wepesi zaidi vitu gani duniani ni salama, na aliyekosa kuguswa miguu na masikio wakati huo atahitaji muda mrefu zaidi baadaye. Kuhitaji muda mrefu, hata hivyo, si sawa na kushindikana.

Kabla ya hatua yoyote, naomba uondoe kichwani wazo kwamba Shaba anakaidi. Mbwa mkaidi, kama kweli yupo, anajua unachotaka na anachagua jingine. Mbwa mwenye hofu hachagui chochote, kwa sababu moyo unakwenda mbio, misuli inakaza na miguu inakimbia kabla hajapata nafasi ya kuamua. Ndiyo maana kumfundisha "kaa" na "tulia" kwa ukali hakutakusaidia hapa. Unachotakiwa kubadilisha ni maana ya kile kikata kucha machoni pake.

Tazama habari ya droo. Ivan Pavlov, mwanafiziolojia wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake wa mmeng'enyo wa chakula, alieleza jinsi mbwa wake walivyotokwa na mate kabla chakula hakijafika, kwa sababu ishara fulani ilikuwa imezoea kukitangulia. Kwa Shaba, sauti ya droo imezoea kutangulia maumivu, na mwili wake unajiandaa kwa maumivu. Njia ya kutokea ni hiyo hiyo iliyomwingiza: sauti ya droo ianze kutangulia jambo zuri, tena zuri kweli kweli, kama vipande vidogo vya kuku wa kuchemshwa ambavyo hapewi wakati mwingine wowote.

Hapa ndipo watu wengi hukosea, nami nilikosea kwa miezi. Mpangilio ni kila kitu. Droo inasikika kwanza, ndipo kuku anakuja, ndani ya sekunde moja au mbili. Ukimwonyesha kuku kwanza ili umvute karibu, kisha ukamkamata mguu, kuku ndiye anayegeuka kuwa ishara ya hatari. Nilikuwa na mbwa jike aliyefikia hatua ya kuondoka chumbani kila nilipofungua kopo la nyama, na ilinichukua muda kuelewa kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha hivyo.

Umbali nao ni muhimu. Anza mahali ambapo Shaba anaiona au kuisikia ile ishara lakini bado anaweza kula kwa utulivu. Mtu mwingine anaweza kuivuta droo kwa upole wakati wewe na Shaba mko chumba cha pili. Akikataa kula, mko karibu mno. Akinyakua chakula kwa meno makali wakati kwa kawaida huchukua taratibu, mko karibu mno. Jifunze pia ishara ndogo zinazotangulia kunguruma: kulamba midomo wakati hakuna chakula, kupiga mwayo bila usingizi, kugeuza uso, masikio kulala nyuma, weupe wa jicho kuonekana pembeni, kutweta wakati hakuna joto, na ile hali ya mwili kuganda ghafla. Hiyo ya mwisho iogope kuliko zote.

Kwa upande wa kuguswa, anza pale anapopenda. Weka mkono kifuani, usogeze hadi begani kwa sekunde moja, uondoe mkono, mpe kipande. Kuondoa mkono ni sehemu ya malipo yake, usikusahau. Bega likishakuwa jambo la kawaida, shuka hadi kwenye kiwiko, kisha juu ya kifundo, kisha kwenye unyayo, na kugusa ukucha mmoja kuwe kazi ya siku nyingine kabisa. Dakika mbili kwa siku zinatosha, na usishangae ukirudi nyuma hatua moja kwa kila hatua tatu.

Sasa lile lililobadilisha maisha yangu na mbwa wangu. Kunja taulo, liweke juu ya kiti kifupi au kwenye paja lako, umfundishe Shaba kulaza kidevu chake juu yake. Akilaza kidevu, unagusa na unalipa. Akiinua kidevu, unaacha papo hapo, bila kumbembeleza wala kumrudisha kwa mkono. Kidevu kinakuwa ulimi wake. Wafundishaji wa wanyama katika hifadhi mbalimbali hutumia mtindo unaofanana na huu kwa wanyama ambao hakuna binadamu angeweza kuwashikilia kwa nguvu hata akitaka; simbamarara huegemeza ubavu wake kwenye wavu na kuchomwa sindano, kwa sababu amefundishwa kwamba anaweza kuondoka. Wiki ya kwanza mbwa wangu aliinua kidevu kila baada ya sekunde moja au mbili, nami nikadhani njia haifai. Baadaye nilitambua kwamba alikuwa ananipima kama nitatimiza ahadi. Alipoamini, alianza kukaa.

Kucha zinazogonga sakafu zina suluhisho la muda. Gundisha karatasi ya msasa kwenye ubao wenye upana wa kutosha nyayo mbili, umfundishe kuparua kwa miguu ya mbele, na atazipunguza kucha zake mwenyewe bila kushikwa na mtu. Ule ukucha wa kidole cha juu kwa ndani ya mguu hautafikiwa na msasa, kwa hiyo uangalie usije ukakua ukajikunja na kuingia kwenye nyama.

Tabibu wa Wanyama anajibu:

Ninaunga mkono aliyosema Nyayo Nne, ila kwa Shaba hatua ya kwanza kabisa ni sikio, na mafunzo yafuate. Mimi ni daktari wa mifugo, na kanuni ninayoishikilia ni kwamba mbwa aliyebadilika tabia, hasa mpole aliyeanza kunguruma akiguswa, nimhesabu kuwa ana maumivu mpaka nitakapothibitisha vinginevyo. Huwezi kumfundisha mbwa apende kuguswa mahali panapouma. Kila kipande cha kuku utakachotoa kitashindana na maumivu halisi, na maumivu yatashinda.

Mfereji wa sikio la mbwa hushuka chini kwanza, kisha hupinda kuelekea ndani, mfano wa herufi L, na kwa sababu hiyo unyevu na uchafu hukaa humo bila njia rahisi ya kutoka. Fangasi, bakteria, utitiri wa masikio, na nyuma yake mara nyingi mzio wa ngozi, vyote huweza kuleta harufu na kutikisa kichwa kama unavyoeleza, lakini dawa zake hazifanani. Tafadhali usimimine dawa iliyobaki kutoka safari iliyopita, wala usiingize kijiti chenye pamba. Kama ngoma ya sikio imetoboka, baadhi ya dawa na visafishio vinaweza kudhuru usikivu wake, na hilo huwezi kulijua bila sikio kuchunguzwa. Tatizo lililorudi baada ya miezi mitano linahitaji pia kutafutiwa chanzo, vinginevyo tutalisafisha kila msimu huku hofu ikikua.

Kuhusu namna ya kulitibu bila kumtia Shaba hofu mpya, zungumza na daktari kabla ya siku ya miadi, si mkiwa mlangoni. Mweleze yaliyotokea. Zipo dawa za kupunguza wasiwasi, kama vile gabapentini na trazodoni, ambazo daktari anaweza kuagiza zitolewe nyumbani saa chache kabla ya kuja, kwa kipimo anachokipanga yeye kulingana na uzito na afya ya mbwa. Mimi hupenda mwenye mbwa aijaribu siku moja tulivu kabla ya miadi, ili tujue inavyomchukua. Nawaomba wasomaji wote msijaribu dawa za binadamu za maumivu. Ibuprofeni na parasetamoli zinaweza kumletea mbwa sumu mbaya. Jihadharini pia na siagi ya karanga ambayo watu wengi huitumia kama zawadi: baadhi ya aina hutiwa kiongeza utamu kiitwacho zailitoli, ambacho ni hatari kubwa kwa mbwa hata kwa kiasi kidogo.

Kama Shaba hawezi kuchunguzwa akiwa macho, alazwe kwa dawa ya usingizi, sikio lioshwe vizuri na kucha zikatwe hapo hapo asipojua lolote. Wenye mbwa wengi huliona hilo kama kushindwa. Mimi naliona kama huduma bora kabisa kwa mbwa wa namna hii, na ningependa lipendekezwe mapema kabla ya watu watatu kumlalia mnyama. Ulizia pia kama ipo dawa ya sikio inayowekwa na daktari mara moja au mbili tu na kuendelea kufanya kazi kwa wiki kadhaa, kwa kuwa hiyo itakuondolea kazi ya kumtia matone kila siku katika kipindi ambacho unajaribu kurudisha imani yake.

Ikiwa hakuna njia ila umhudumie kwa lazima nyumbani, tenganisha mambo hayo mawili kwa kila hali. Fanyia chumba kingine, tumia kitambaa kingine, na kamwe usimwombe alaze kidevu kisha ukamlazimisha. Taulo la mafunzo libaki safi, yaani lisipatwe na jambo baya hata mara moja.

Nyongeza ndogo: mfundishe kuvaa kifunga mdomo cha muundo wa kikapu, kile kinachomwezesha kufungua mdomo, kutweta, kunywa maji na kupokea chakula. Aanze kwa kuingiza pua mwenyewe kufuata kipande cha nyama, na mkanda ufungwe siku nyingi baadaye. Hata mbwa mpole kuliko wote anaweza kuvunjika mguu siku moja na kuumwa kiasi cha kuuma, na siku hiyo atakuwa na jambo moja pungufu la kumtisha.

Mfugaji wa Siku Nyingi anajibu:

Nimesoma yote kwa makini na nawaheshimu waliotangulia, lakini naona niseme upande wangu. Nimefuga mbwa kwa zaidi ya miaka 20 na sikuwahi kutumia taulo wala kuku. Mbwa anahitaji mkono ulio imara usiotetemeka. Ukimshika mguu, akajirusha, ukamwachia, umemfundisha kwamba kujirusha kunamwokoa, na kesho atajirusha zaidi. Mimi humshikilia bila kumpiga wala kumgombeza, nangoja atulie, ndipo namwachia. Baada ya mara tatu au nne huwa amezoea na kazi inakwenda. Nina wasiwasi kwamba mbwa aliyepewa ruhusa ya kusema hapana ataisema kila siku, na kucha zitaendelea kukua.

Nyayo Nne anajibu:

Mzee wangu, shikamoo, na ahsante kwa kulisema wazi, kwa kuwa hilo ndilo swali ambalo wengi wanalo moyoni. Kwanza nakubaliana nawe kwa sehemu. Ni kweli kwamba mbwa anayeachiwa baada ya kujirusha hujifunza kujirusha. Ndiyo maana mimi sitaki tufike huko kabisa. Ninataka kumsikia anaposema polepole, kwa kugeuza uso au kuinua kidevu, ili asihitaji kamwe kusema kwa kelele. Mkono wako usiotetemeka nao nauhitaji, kwa sababu mbwa huusoma mkono wenye mashaka, na mwenye hofu mwenzake hawezi kumwondolea hofu.

Ninapotofautiana nawe ni katika neno "atulie". Mwaka 1967 Martin Seligman na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya majaribio ambayo leo yanaumiza kuyasoma. Mbwa waliopigwa shoti za umeme zisizoweza kuepukika waliwekwa baadaye mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi tu kungewaokoa, na wengi wao hawakuruka. Walilala chini wakapokea. Mtu aliyepita mlangoni angeweza kusema wametulia. Ninaposoma kwamba Shaba alipiga kelele kisha akanyamaza kabisa, ninakumbuka mbwa wale, na siwezi kuuita ukimya ule utulivu. Baadhi ya mbwa wako huenda kweli walizoea, hasa kama walianza wakiwa wadogo na mkono wako ulikuwa wa huruma. Lakini mwingine kati yao huenda alikata tamaa tu, na kwa macho ya haraka hao wawili wanafanana.

Kuhusu mbwa aliyepewa ruhusa ya kukataa, uzoefu wangu umekuwa kinyume cha unavyohofia. Anakataa sana mwanzoni, kisha anaacha kwa sababu hana tena haja. Njia yenyewe ina umri mkubwa kuliko wafuga mbwa wa leo. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones alieleza alivyomsaidia mtoto mdogo aliyemwita Peter, aliyeogopa sungura: sungura alisogezwa karibu kidogo kidogo wakati mtoto anakula chakula anachokipenda, kwa umbali usiomliza, na mwishowe mtoto aliweza kumshika sungura kwa mkono wake. Hakuna aliyemkandamizia mtoto sungura kifuani mpaka anyamaze.

Mwenye Shaba, kwa lile swali la kunguruma: usimkemee tena, na wala usijilaumu kwa ile mara moja. Kunguruma ni maneno. Mbwa anayeadhibiwa kwa kunguruma haachi kuogopa, bali huacha kukuonya, na siku ya mwisho huuma bila taarifa, kisha watu husema aliuma ghafla. Akinguruma, ganda pale ulipo, ondoa mkono wako taratibu, mpe nafasi, na baadaye ujiulize ni ishara gani ndogo uliyoipita. Wala usihofu kwamba ukimtuliza anapoogopa utaiongeza hofu yake. Kuwa karibu naye kwa sauti ya chini hakulipi hofu. Hofu si mchezo anaouchagua kwa sababu ya malipo.

Mwenye Shaba anarudi baada ya wiki saba:

Ndugu zangu, nimekaa kimya kwa sababu nilitaka kurudi na habari za kweli. Daktari tuliyezungumza naye mapema alikubali kumpa Shaba dawa ya kupunguza wasiwasi kabla ya kufika, tukasubiri nje badala ya kukaa ndani na wanyama wengine, akapimwa sakafuni juu ya mkeka wake mwenyewe. Sikio lilikuwa na fangasi na lilikuwa limevimba kiasi kwamba ilibidi alazwe kwa dawa ya usingizi ili lisafishwe. Kucha zilikatwa wakati huo huo. Aliwekewa dawa ya kudumu wiki kadhaa, na sasa tunafuatilia kama ana mzio wa ngozi. Baada ya siku kumi hivi aliniruhusu kumkuna nyuma ya sikio, jambo ambalo halijatokea tangu nimpate. Nililia. Miaka mitatu nilidhani ni tabia yake.

Droo ilichukua siku tisa. Siku ya tisa aliisikia, akanitazama mimi badala ya kukimbia. Kidevu kwenye taulo alikielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Kosa langu lilikuwa katika wiki ya nne. Alikuwa ametulia vizuri mno siku hiyo, kucha mbili zilikwisha kukatwa bila shida, nami nikaingiwa na tamaa nikataka kumaliza mguu mzima. Aliinua kidevu, nikasema moyoni "mmoja tu wa mwisho", nikakata. Hakulia wala hakuumia, lakini siku tatu zilizofuata hakulisogelea taulo. Nilirudi hadi kugusa bega na kuanza upya. Sasa tunakata ukucha mmoja kila jioni, miguu ya mbele tu, kisha tunaondoka wote wawili tukacheze.

Nimebaki na mambo mawili. Miguu ya nyuma bado anaivuta hata nikiishika kwa sekunde moja. Na juzi, bila kisa chochote ninachokijua, aliisikia droo akaenda chini ya meza kama zamani, ingawa jana alikuja mwenyewe. Je, nimeharibu kitu?

Tabibu wa Wanyama anajibu:

Nimefurahi sana kusikia habari za sikio. Kwa miguu ya nyuma, tazama unavyoishika. Watu wengi huvuta mguu wa nyuma kuelekea pembeni, na kiungo cha nyonga hakipendi kwenda huko, sembuse kama kina maumivu ya mwanzo ambayo bado hujayaona. Uache mguu ubaki chini ya mwili, uinue kidogo tu kuelekea nyuma, kama unavyokwenda mwenyewe anapotembea, huku mkono wako wa pili ukiegemeza paja. Wengine hukubali zaidi wakiwa wamelala ubavu kwa hiari yao. Ukiona bado anavuta mguu mmoja zaidi ya mwingine, au anapata tabu kuinuka asubuhi, mlete apimwe nyonga na magoti kabla ya kuendelea.

Na kwa kuwa sasa unakata mwenyewe: kama kucha zake ni nyeusi, huwezi kuiona nyama ya ndani kutoka pembeni, kwa hiyo kata vipande vyembamba sana na utazame uso wa mkato kila mara. Doa jeusi lenye unyevunyevu likijitokeza katikati, acha hapo. Damu ikitoka, bonyeza kwa poda ya kuzuia damu, au kwa unga laini wa wanga wa mahindi ukikosa poda, kwa dakika chache bila kuchungulia. Ukikata kidogo na mara kwa mara, ile nyama ya ndani hurudi nyuma yenyewe, na ukucha unaweza kuwa mfupi zaidi kadiri wiki zinavyopita. Kwa hiyo ukucha mmoja kila jioni ni mpango mzuri hata kwa mbwa asiyeogopa chochote.

Nyayo Nne anajibu:

Hujaharibu kitu. Hofu ya zamani haifutiki kama maandishi ya chaki. Somo jipya linakaa juu yake, na siku fulani, hasa baada ya mapumziko, usingizi mbaya au kelele za usiku, lile la chini hujitokeza. Pavlov naye aliliona jambo hilo kwa mbwa wake. Siku kama hiyo usimwite atoke chini ya meza. Funga droo, achana na mafunzo kwa siku hiyo, na kesho anza umbali wa hatua tatu nyuma ya pale mlipoishia. Utaona kwamba safari hii hahitaji siku tisa.

Kwa ile "mmoja tu wa mwisho", amua idadi ya kucha kabla hujafungua droo, na usiibadilishe kwenda juu hata akiwa mtulivu kama jiwe.

Mfugaji wa Siku Nyingi anajibu:

Marahaba, kijana wangu. Bado naamini katika mkono imara, na umesema nawe unauhitaji, basi hapo tumekutana. Yale ya mbwa walioacha kuruka niliyasoma mara mbili. Nina mbwa jike wa miaka 11 ambaye nimekuwa nikimshikilia maisha yake yote, na siku hizi nikimkaribia na kikata kucha halii wala hajirushi, lakini anatazama ukutani. Naomba kuuliza, taulo linatakiwa liwe na kimo gani kwa mbwa ambaye mgongo wake haumruhusu kusimama muda mrefu?

Nyayo Nne anajibu:

Mzee wangu, kwa umri huo asisimame kabisa. Mwache alale kwenye godoro lake, uviringishe taulo liwe nene kiasi cha kufika chini ya taya lake shingo ikiwa imenyooka, asiinue wala asiinamishe. Wiki ya kwanza kikata kucha kibaki chumba kingine. Kaa sakafuni pembeni yake, si mbele yake, na umlipe kila anapoacha kutazama ukuta.